Utumbo Ukinyamaza

Mtu akikuambia dawa fulani ilimponya kuhara damu, muulize aliimeza lini: damu ilipoanza, au ilipokuwa inakaribia kukoma yenyewe. Mimi huuliza hivyo hata kanisani, na kuna watu ambao hawanisalimu tena kwa sababu hiyo. Sijali sana.

Nina kolaitisi ya vidonda. Ni ugonjwa wa utumbo mpana, ule mrija wa mita moja na nusu hivi unaofyonza maji kutoka kwenye mabaki ya chakula kabla hayajatoka. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huigeukia ngozi laini ya ndani ya utumbo. Ngozi hiyo huvimba, ikachubuka, ikatoa damu na kamasi. Chanzo chake kamili hakijulikani. Urithi wa ukoo umo, mazingira yamo, bakteria wa tumboni wamo, lakini hakuna aliyekuambukiza, na si ile nyama uliyokula harusini. Linalowapotosha wengi ni kwamba ugonjwa huu huja kwa vipindi. Huchachamaa majuma kadhaa, kisha hutulia, wakati mwingine bila dawa yoyote. Ukitulia hivyo, chochote ulichomeza juma lile hujitwalia sifa.

Kwangu sifa za kwanza zilichukuliwa na Flagyl, dawa ya amiba. Pale mtaa wa Umoja, Nairobi, ninapoishi, ukimwambia mwenye kemisti kwamba unaona damu chooni, mkono wake huifikia rafu kabla hujamaliza kusema. Ni amiba. Ikiwa si amiba, ni taifodi. Nilimeza, damu ikapungua, nikamshukuru. Ikarudi, nikameza tena, ikapungua tena. Kuna wakati nilitumwa kwenye maabara ndogo iliyo juu ya duka la vifaa vya ujenzi, karatasi ikarudi imeandikwa kwamba amiba imeonekana, nami nikaikunja na kuiweka mfukoni kama mtu aliyeshinda kesi.

Siwacheki wenye maabara. Chini ya darubini ya kawaida, Entamoeba histolytica, ile inayokula ukuta wa utumbo, hufanana mno na ndugu yake Entamoeba dispar, ambayo hukaa tumboni mwa watu bila kumdhuru yeyote. Ni vigumu kuzitenganisha isipokuwa uikute ile mbaya ikiwa imemeza chembe nyekundu za damu. Kipimo cha Widal nacho huweza kuonyesha taifodi kwa mtu aliyeiugua zamani au aliyechanjwa. Kwa hiyo karatasi inaweza kusema kitu na utumbo ukawa unaugua kingine. Hata hivyo amiba si hadithi. Ipo Nairobi, inaua, na baadaye nilikuja kujua kwamba lazima itafutwe kwa makini kabla ya mgonjwa kama mimi kupewa steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, kwa sababu steroidi zikimkuta mtu mwenye amiba huweza kusababisha utumbo kutoboka.

Aliyenitoa kwenye mzunguko huo ni mama mmoja wa makamo, afisa wa kliniki katika kituo cha afya cha serikali. Nilikuwa nimekwenda kutafuta barua ya ruhusa ya kazi tu.

“Usiku unaamka kwenda choo?” akaniuliza.

“Naamka, daktari. Mara nyingi.”

“Na damu umeanza kuiona lini?”

“Kabla ya Krismasi.”

Tulikuwa tumeshaimaliza Pasaka. Akanivuta ukope wa chini, akatazama weupe wake, akakaa kimya kidogo. “Amiba haikai ndani ya mtu anayemeza Flagyl kila mwezi,” akasema. “Wewe unahitaji mtu wa kukutazama ndani.” Lile swali la usiku nimelielewa baadaye. Tumbo linalosumbuliwa na wasiwasi kwa kawaida humwacha mwenyewe alale. Utumbo uliovimba haumwachi.

Wanaume wenzangu huiogopa kolonoskopi, kile kipimo cha kutazama utumbo mpana kwa mrija wenye kamera unaopitishwa nyuma, kwa sababu ambazo sitazieleza hapa. Niseme tu kwamba kipimo chenyewe sikukisikia, maana nilichomwa sindano ya usingizi. Kinachochosha ni siku ya kabla, unapokaa bila chakula kigumu, ukinywa chai ya strungi, supu iliyochujwa na lita kadhaa za dawa ya kuusafisha utumbo yenye ladha ya maji ya chumvi yaliyotiwa ndimu kwa kulazimishwa. Usiipange siku hiyo ikiwa choo chenu ni cha kuchangia ploti nzima. Nililala kwa shemeji yangu Donholm kwa sababu ya choo tu, na bado ananitania.

Mke wangu ndiye aliyekuwa macho wakati daktari bingwa akieleza alichokiona. Uvimbe ulianzia chini kabisa, mahali pa kutokea, ukapanda mfululizo bila kuacha nafasi mpaka kwenye kona ya kushoto karibu na wengu. Hapo ukakoma ghafla, na utumbo ukaendelea ukiwa mzima. Mpangilio huo ulimsaidia kuutenga na ugonjwa wa Crohn, ambao huruka ukiacha sehemu nzima katikati, huweza kushika popote kuanzia mdomoni, na huchimba unene wote wa ukuta. Alikata vipande vidogo sana vya nyama ya utumbo vikapelekwa maabara, kwa sababu macho pekee hayatoshi. Kifua kikuu cha utumbo, kwa mfano, hufanana na Crohn kiasi cha kuwasumbua hata mabingwa, na Kenya kifua kikuu hakijatuacha. Nikapimwa choo tena, nikapimwa virusi vya Ukimwi, kisha nikaanza prednisoloni, mojawapo ya zile steroidi.

Ndani ya juma moja damu ilikoma. Mwaka 1955 madaktari wawili wa Oxford, Truelove na Witts, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba kotisoni, ambayo nayo ni steroidi, ilikuwa ikiwaokoa wagonjwa wa kolaitisi ya vidonda, wakati ambapo ugonjwa ukichachamaa vibaya ulikuwa ukiwaua wengi. Naamini kabisa. Ila dawa hizo zina malipo yake. Nilikuwa nikila ugali wa watu wawili na kuamka saa tisa za usiku kupanga upya viatu. Uso ukawa mviringo. Kazini wakasema, “Ndugu, maisha yamekukubali.” Nami, niliyekuwa nimepungukiwa damu hadi kupumzika katikati ya ngazi, nikatabasamu na kuitikia. Steroidi huzima moto lakini hazilindi nyumba. Hazifai kumezwa miaka na miaka, na haziachwi ghafla, kwa sababu tezi za mwili zinazotengeneza homoni kama hiyo huwa zimelala na zinahitaji muda kuamka. Nilipunguza kidogo kidogo, juma baada ya juma, kwa karatasi iliyobandikwa kwenye friji.

Kilichobaki kulinda ni sulfasalazini. Ilitengenezwa na daktari wa Uswidi, Nanna Svartz, aliyekuwa akitafuta dawa ya baridi yabisi. Aliunganisha dawa mbili katika kidonge kimoja, na wagonjwa wenye vidonda vya utumbo mpana ndio waliofaidika sana. Ujanja wake ni kwamba muungano ule haukatiki mpaka ukutane na bakteria wanaoishi utumbo mpana, hivyo dawa hufunguka pale pale inapohitajika. Ni ya zamani, ndiyo maana ni nafuu, na kwa mtu anayeishi kwa mshahara wa keshia, hilo ndilo jambo la kwanza kuuliza. Hugeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa. Mke wangu alikuwa karibu kunirudisha hospitali siku ya kwanza alipoona choo. Pia huuzuia mwili kutumia vizuri asidi ya foliki, kwa hiyo niliandikiwa vidonge vya asidi hiyo pembeni.

Lakini kuna jambo lililotutesa kuliko yote, na silisikii likisemwa.

Tulikuwa na mtoto mmoja na tukitaka wa pili. Mwezi ukapita, mwingine ukapita, mwaka ukaanza kuzunguka. Mjuavyo kwetu, macho humgeukia mwanamke. Mama mkwe alianza kumpigia binti yake simu jioni na kumwuliza maswali kwa sauti ya chini. Mke wangu akafanyiwa vipimo, akaonekana hana tatizo. Akaambiwa apunguze mawazo. Jinsi ya kupunguza mawazo hawakumwandikia. Kisha siku moja kwenye kliniki yangu, nikisubiri mihuri, nikamwuliza daktari mwingine, kijana, kama dawa hizi zina shida kwa mtu anayetafuta mtoto. Akaacha kuandika. “Hujaambiwa?” Sulfasalazini hupunguza idadi ya mbegu za kiume na nguvu zake za kuogelea. Ukiiacha, hali hurudi baada ya miezi miwili au mitatu hivi. Wanawake haiwafanyi hivyo. Kwao la maana ni ugonjwa uwe umetulia kabla ya kushika mimba, wala wasiache dawa kwa hofu bila kuongea na daktari.

Nikabadilishiwa mesalazini, ambayo ni ile sehemu ya kidonge cha Svartz inayofanya kazi utumboni, bila ile nusu nyingine inayoleta madhara mengi. Bei yake iliniuma. Mwaka uliofuata tulimpata binti. Mama mkwe alisema ni maombi, nami sikubishana naye, kwa kuwa yeye ndiye aliyembeba mtoto usiku wakati sisi tumelala. Lakini kila mwanaume ninayekutana naye kwenye foleni ya dawa zile namwuliza bila aibu kama anatafuta mtoto.

Kuna na enema. Daktari alinieleza kwamba uvimbe ukiwa upande wa kushoto, mesalazini ya kumeza pamoja na ya kuingiza kwa nyuma hufanya kazi vizuri kuliko ya kumeza peke yake. Ni usiku, ni ubavu wa kushoto, ni karatasi ya nailoni chini ya shuka, na ni kujizuia kucheka mtoto anapogonga mlango kuuliza kalamu ya rangi iko wapi. Wanaume wengi huikataa. Mimi naona afadhali dakika tano za fedheha chumbani kuliko fedheha ya Jogoo Road, ambayo nitaieleza sasa.

Asubuhi matatu kutoka Umoja hadi mjini huweza kusimama mahali pamoja mpaka abiria wakafahamiana. Ugonjwa ukiwa umechachamaa, haja haikupi notisi. Hukupa dakika mbili, pengine moja. Nilikuwa naijua barabara ile kwa vyoo vyake: kituo gani cha mafuta kina mhudumu mwenye huruma, kipi huficha ufunguo, wapi Muthurwa utapata choo cha kulipia kabla hujaingia kati ya marobota ya mboga. Sarafu za shilingi 10 sikuzitumia kununua chochote. Nilikaa siti ya mlangoni, nikavaa suruali nyeusi, na kwenye begi nilibeba nguo ya ndani, karatasi za chooni na chupa ya maji. Makanga mmoja wa njia yetu alinisoma bila kuambiwa. Nikigonga paa, alikuwa akimwambia dereva, “Shukisha mzee hapa, ana haraka,” na hakuwahi kunifanyia mzaha.

Kazini kulikuwa kugumu zaidi. Keshia haachi kaunta ya malipo hivi hivi. Lazima umwite msimamizi, ahesabu, afunge mashine, na foleni ikuone ukiondoka. Niliuficha ugonjwa kwa muda mrefu, kisha nikapeleka barua ya daktari iliyosema kwa maneno machache kwamba nina ugonjwa sugu wa utumbo, hauambukizi, na nahitaji kufika chooni upesi. Neno “hauambukizi” ndilo lililofanya kazi, maana nilikuwa nikishika pesa na bidhaa za watu. Nikahamishiwa dawati la huduma kwa wateja, hatua chache kutoka chooni. Sikutarajia ingekuwa rahisi vile, na najua wapo ambao barua kama hiyo imewafukuzisha kazi. Ushauri wangu ni uipeleke ugonjwa ukiwa umetulia, uwe unaongea kama mfanyakazi. Ukiipeleka umechachamaa, utaonekana unaomba huruma.

Ukimya ndio wenye hatari. Miezi ikipita bila damu, kidonge cha asubuhi huanza kuonekana upuuzi, hasa kikiwa cha bei. Mwili hauna kengele. Uvimbe unaweza kuwa unaendelea polepole huku wewe unacheza mpira. Ndiyo maana kliniki hainiamini ninaposema niko sawa. Hupima damu, hupima figo kwa sababu ya mesalazini, na pesa zikiwepo hupima kalprotektini kwenye choo, protini inayotoka kwenye chembe nyeupe za damu, ambayo hupanda utumbo ukivimba hata kabla mwenye tumbo hajajua.

Wanaonijua wamechoka kunisikia nikimtaja Shinzo Abe. Waziri mkuu huyo wa Japani alijiuzulu mwaka 2007, na baadaye akaeleza kwamba ni ugonjwa huu huu, aliokuwa nao tangu ujana. Akapata dawa mpya, mesalazini, akatulia, akarudi madarakani mwishoni mwa 2012 na kuwa waziri mkuu aliyekaa muda mrefu kuliko wote katika historia ya nchi yake. Agosti 2016 alikuwa hapa Nairobi, katika ukumbi wa KICC, kwenye TICAD, mkutano wa Japani na nchi za Afrika. Mwaka 2020 ugonjwa ulimrudia na akajiuzulu tena. Watu hunisimulia habari hiyo kama ya huzuni. Mimi naangalia katikati yake: karibu miaka minane ya kazi ngumu, safari na karamu za kiserikali, mtu akiwa na utumbo kama wangu uliodhibitiwa. Na ulipomrudia sidhani kuna aliyesema ni kwa sababu hakuomba vya kutosha.

Kuhusu chakula nitakuwa mfupi, kwa kuwa kila mtu ana maoni na wengi wanauza kitu. Hakuna mlo uliothibitishwa kuuponya ugonjwa huu. Ukichachamaa, githeri, mahindi ya kuchoma, maharagwe na pilipili huniadhibu. Wali, viazi, ndizi mbivu, mayai na samaki hukaa. Maziwa mabichi hunisumbua, ya mala hayanisumbui. Ukitulia nakula karibu kila kitu, na sukuma wiki narudi kuila ikiwa imekatwa nyembamba. Nimemwona jamaa kliniki aliyeacha chakula kimoja kimoja mpaka akabaki na uji na chai, suruali imefungwa kwa kamba. Utumbo wake haukupona, mwili ndio uliokwisha. Wale wanaouza chupa za “kusafisha utumbo” mitandaoni nawapita. Utumbo uliochubuka hauhitaji kusuguliwa.

Dawa za maumivu ni habari nyingine. Ibuprofeni na diklofenaki huweza kuuamsha ugonjwa. Niliwahi kuchomwa sindano ya diklofenaki kwa ajili ya jino, na baada ya siku chache damu ikaonekana. Daktari alisema huenda ikawa ndiyo. Sasa kila nikiingia kwa daktari wa meno neno la kwanza ni utumbo, na natumia Panadol. Na haja zenye damu zikifika mara sita au zaidi kwa siku, pamoja na homa, au moyo kupiga zaidi ya mara 90 kwa dakika ukiwa umekaa, au tumbo likijaa na kuuma, hiyo si siku ya kungojea kliniki ya Jumatatu. Utumbo mpana huweza kutanuka hadi kupasuka. Mke wangu anajua hilo kwa kichwa, maana mgonjwa mwenyewe siku hiyo ndiye wa mwisho kukubali.

Bima ya afya ya taifa, NHIF, ilipoipisha SHA mnamo Oktoba 2024 tulijisajili upya kama wengine wote, na bado sehemu ya dawa naitafuta mfukoni mwangu. Duka moja la dawa mjini huniwekea akiba ya mwezi mmoja mbele, nililipie kidogo kidogo. Nawashauri wenzangu wapatane hivyo na mfamasia wao mapema, kwa sababu mesalazini haikosi kuadimika.

Mwaka huu nina jambo jipya. Aliyeishi na uvimbe wa utumbo mpana kwa miaka minane hivi huanza kufanyiwa kolonoskopi za mara kwa mara, hata akijisikia mzima kabisa, kwa sababu hatari ya saratani ya utumbo mpana huongezeka kadiri miaka inavyosonga na kadiri sehemu iliyoshikwa ilivyo kubwa. Mwaka wangu wa nane unakaribia. Nikapeleka ombi la mkopo kwenye chama chetu, na mweka hazina, mama mmoja asiyependa siri, akanisimamisha mbele ya wote aniulize pesa ni za nini wakati naonekana nimenona. Nikaeleza, kolonoskopi na yote. Kukawa na kicheko upande wa wanaume. Kisha mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akauliza kipimo hicho kinafanyiwa wapi, na kama ni lazima mtu afunge kula siku nzima.